Siku Niliyolenga Malori ya Ruiru

Najua mtacheka, kwa hivyo chekeni sasa mmalize, kwa sababu hata mamangu mzazi alicheka, tena akiwa bado anajifuta machozi. Kila nikiulizwa kwa nini sikumwoa Zaituni mimi husema "haikuwa riziki," na watu huniitikia kwa heshima wakidhani kulikuwa na ugonjwa, au ukoo ulikataa, au msichana mwenyewe alikuwa na mwingine. Ukweli ni aibu tupu. Nilimkosa Zaituni kwa sababu ya meli, na meli zenyewe hazikuwa baharini (mimi bahari niliiona nikiwa mtu mzima, tena kupitia dirisha la basi), zilikuwa ndani ya kompyuta ya Ndegwa pale Thika.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha, na mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu kwa akademi moja ya mabati huko Mwihoko, nikiishi na mama mtaa wa Majengo, Thika. Ndegwa tulisoma naye, akafungua ofisi ndogo ya kuchapa barua na programu za mazishi, na kazi ikipungua jioni tulikuwa tunafunga mlango nusu, tunaweka sidii ya mchezo mmoja ambayo binamu yake alimnakilia. Kwa huo mchezo wewe ni kapteni wa nyambizi. Unajificha chini ya maji, unainua darubini, unaona meli ya adui inapita, unairushia topido, yaani bomu linaloogelea. Ikiwa umeweka automatiki, kompyuta inakupimia kila kitu, wewe unabonyeza tu halafu meli inawaka moto na nyinyi wawili mnapiga kelele kama watoto.

Lakini kulikuwa na kitufe cha kuzima automatiki. Ukikizima, unapima mwenyewe kwa mkono: meli iko mbali kiasi gani, inaenda kwa kasi gani, na pua yake imeelekea wapi ukilinganisha na wewe. Umbali unaupata kwa kulinganisha urefu wa mlingoti na mistari iliyo ndani ya darubini, kasi unaipata kwa saa, na ile pembe ya pua unaikadiria kwa macho yako uliyopewa na Mungu. Ukikosea kidogo, topido linapita nyuma ya meli, wenyewe wanakugundua, wanakuja kukuangushia mabomu kichwani.

Ndegwa alijaribu mara moja akasema hiyo si ya watu, akarudi automatiki, akaendelea na maisha yake. Mimi nikakataa. Nilijiambia, Idi, wewe ni mwalimu wa hesabu, hizi ni pembetatu tu, unafundisha watoto pembetatu kila siku halafu unashindwa na pembetatu ya maji? (Kiburi kina namna yake ya kuongea, kinaongea kama wewe mwenyewe.) Basi nikatengeneza vifaa. Nikachukua kipande cha paipu ya plastiki, ile ya maji, urefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, nikafunga nyuzi mbili zikatane mbele, hiyo ikawa darubini. Nikakata boksi la biskuti, nikapata maduara mawili, moja juu ya lingine, nikaandika digrii pembeni, katikati nikaandika SISI kwa kalamu nyekundu na kwenye mshale niliochora juu ya lile la kuzunguka nikaandika ADUI. Ukizungusha, linakuonyesha pua ya meli iko wapi. Nilijivunia hilo duara kuliko cheti changu cha shule.

Sasa tuje kwa ile siku. Ilikuwa Jumamosi. Zaituni alikuwa ameachwa na babake akiwa mdogo, akalelewa na mjombake, Mzee Shabani, muuza mbao wa Ruiru, mtu wa heshima, ambaye alikuwa ameshakula kwetu Idd mbili akisifu pilau ya mama. Alituma neno niende kwake baada ya Alasiri, mimi peke yangu, tuongee kama wanaume kabla sijaleta wazee wa posa. Mama alinipigia pasi kanzu hadi ikawa inasimama yenyewe, akanitolea koti la marehemu baba, akanitilia kwa mfuko sukari na majani ya chai na kitenge cha mke wa mzee. Na mimi, mjinga wa Mungu, nikatilia paipu na duara langu kwa ule ule mfuko, eti nikirudi nipitie kwa Ndegwa nimwonyeshe.

Nilifika Ruiru mapema kupita kiasi. Kufika kwa wakwe mapema ni aibu, watasema huyu amefuata chakula, kwa hivyo nikaamua nikae mahali kidogo. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Ningekaa nikatazama vidole vyangu, leo ningekuwa na watoto wakubwa. Lakini nilikaa kwa ule mteremko wa nyasi juu ya barabara kuu, ng'ambo kuna kituo cha petroli, karibu yangu kuna mama anachemsha mahindi, na chini yangu malori yanapita moja baada ya lingine kwenda Nairobi, marefu, polepole, yakielea kabisa kama meli za mizigo. Nani angeweza kujizuia?

Nikatoa paipu. La kwanza lilikuwa la maziwa, nikalipima. La pili la mawe ya Juja, nikalipima, nikasoma saa, nikazungusha duara, nikapata jibu zuri sana. Nikashikwa na raha. Nikalala kifudifudi kwa nyasi (na kanzu nyeupe!) ili nione vizuri, jicho moja nimefunga, paipu imetazama barabara, na likaja trela moja la mafuta, limejaa, linaingia kwa kile kituo, nikajisahau kabisa nikasema kwa sauti, "Adui, digrii arobaini. Tayari. Rusha moja! Rusha mbili!"

Mama wa mahindi, Mkikuyu asiye na "l" kinywani, alisimama.

"Ngai wakwa, Mungu wangu! Wewe unarenga nini hapo?"

Nikageuka na paipu ikiwa bado kwa jicho, kwa hivyo sasa nikawa nimemlenga yeye. Alirusha mwiko, akapiga nduru ambayo nadhani ilisikika hadi Mwiki: "Ako na bunduki! Anarenga tangi ya mafuta! Uuui, watu wa Ruiru, tunaripuriwa!"

Mkumbuke ilikuwa ni miezi michache tu baada ya lile bomu la ubalozi kule Nairobi. Watu walikuwa bado wana majeraha, na kila mmoja alikuwa anajua mtu aliyejua mtu aliyekatwa na vioo. Na mimi nimevaa kanzu na kofia, nimelala kwa nyasi, nimelenga tangi ya mafuta na kitu cha mviringo. Hata mimi ningenikamata.

Walitoka kila mahali, wa kituo cha petroli, mafundi wa baiskeli, wanawake wa soko. Kofi la kwanza sikuliona, la pili lilinitoa kofia. Nikasema, "Jamani, ni paipu ya maji!" mmoja akajibu, "Hata bomu liliwekwa kwa kitu cha kawaida!" Sukari ya mama ikamwagika, mtu akaionja kwa ulimi kuhakikisha si baruti. Nikasikia sauti ya kijana nyuma akiuliza kama kuna tairi kuukuu kwa fundi, ya kunivisha na kunichoma. Sijawahi kuwapenda polisi maishani mwangu kama nilivyowapenda wale wawili waliopenya katikati ya watu wakanifunga pingu.

"Unaenda wapi na hii?" mmoja akaniuliza.

"Afande, nimekuja kwa Mzee Shabani, muuza mbao. Ananijua. Ananingoja sasa hivi. Nimekuja kuposa kwake."

Watu wakalegeza mikono kidogo, kwa sababu Mzee Shabani anajulikana Ruiru nzima. Mtu akatumwa. Duka lake halikuwa mbali, na nikamwona anakuja, kanzu yake safi, tasbihi mkononi, alikuwa ameshajitayarisha kunipokea. Roho yangu ikarudi. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, aibu ndiyo hiyo imeingia lakini angalau nitafunguliwa.

Alisimama mbele yangu. Akaangalia pingu, akaangalia ile paipu mkononi mwa polisi, akaangalia watu, na watu walikuwa wanamwangalia yeye pia, kanzu yake na kofia yake, kama ndio wanaziona mara ya kwanza.

"Mzee, unamjua huyu?" polisi akauliza.

"Simjui," akasema.

"Anasema anakuja kwako kuposa."

"Hawa vijana husema mengi, afande. Sijawahi kumwona."

Halafu akageuka akaenda, bila haraka, tasbihi bado inazunguka mkononi. Sikumwita. Ningemwita vipi? Nilikuwa nimeona alivyowatazama wale watu kabla ya kujibu. Aliogopa. Ninajua aliogopa, tena alikuwa na haki, siku hizo kumjua mtu vibaya kulitosha kukufungisha duka. Ninajua hayo yote. Bado mpaka leo lile neno likinijia nikiwa nakula, naweka kijiko chini.

Kwenye kituo cha polisi nikapelekwa kwa inspekta mmoja mnene, mpole wa kutisha, aliyeweka duara langu juu ya meza akalizungusha polepole.

"Hapa imeandikwa Adui," akasema. "Adui ni nani?"

"Ni meli, afande."

"Ruiru kuna meli?"

"Hapana, afande. Nilikuwa natumia malori."

"Kwa hivyo adui ni malori."

"Malori ni ya mazoezi tu."

Nilijisikia nikilitamka hilo neno, mazoezi, na nikaona kalamu ya karani aliyekaa pembeni akiandika ikiruka juu ya karatasi. Inspekta akaendelea, "Na hapa imeandikwa Sisi. Sisi ni akina nani? Mko wangapi?"

"Ni mimi peke yangu, afande. Nikiwa ndani ya nyambizi."

Karani akauliza nyambizi inaandikwaje.

Nilieleza. Nilieleza mchezo, nikaeleza topido, nikaeleza pembe ya pua, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu aliyesomeshwa mahali pabaya. Mwishowe inspekta akasema, "Hiyo kompyuta iko?" Nikasema iko Thika. Akasema, "Twende ukanionyeshe. Na ukinidanganya, utanijua."

Hivyo ndivyo nilivyorudi nyumbani kwetu mchana kweupe, nyuma ya Land Rover, na pingu, kanzu ina alama za nyasi kifuani, tukapitia katikati ya mji, na kama kawaida ya Thika, nusu ya watu walionijua walikuwa barabarani. Mzazi mmoja wa mwanafunzi wangu alinipungia mkono kabla hajaona polisi, halafu akaurudisha ule mkono kichwani akajikuna.

Ndegwa alikuwa anachapia mwanamke mmoja barua. Alipotuona aliinua mikono yote juu bila kuambiwa. (Huyo alikuwa rafiki wa kweli, lakini pia mwoga wa kweli.)

"Huyu unamjua?" inspekta akauliza, na mimi nikafunga macho.

"Namjua," Ndegwa akasema, sauti imekuwa nyembamba kama ya msichana. "Ni Idi. Ni mwalimu. Amefanya nini?"

"Amelenga watu Ruiru. Washa huo mchezo wenu."

Nikafunguliwa mkono mmoja, nikakalishwa. Mlangoni watu walikuwa wamejaa, wengine wamepanda juu ya benchi. Ndegwa akaniinamia akasema, "Idi, weka automatiki, tafadhali, upige moja tuende nyumbani."

"Hapana," inspekta akasema, kwa sababu masikio yake hayakuwa mazito, "nataka kuona kazi ya hii boksi ya biskuti. Tumia hii."

Meli ikatokea, ya mizigo, peke yake, inatambaa kama ng'ombe anayeenda kunywa maji. Kusema kweli nilifurahi, nikasema moyoni hii siikosi. Nikapima mlingoti, nikasoma saa, nikazungusha duara mbele ya polisi wote nikiwaeleza kama darasani, wakawa kimya wakifuata, nikaweka nambari zote, nikarusha. Tukangoja. Topido likaenda zake upande ambao hakuna mtu. Nilikuwa nimesahau kubonyeza kile kitufe cha kukubali nambari, kwa hivyo hesabu yangu yote ilibaki kwa boksi.

"Hiyo ilikuwa ya kujaribu," nikasema.

La pili nilibonyeza kila kitu. Likapita mbali sana nyuma ya meli, hata mabaharia hawakushtuka. Ndipo nikagundua, na jasho likanitoka upya: pale Ruiru nilikuwa nimekaa upande mmoja wa barabara, na malori yote niliyopima yalikuwa yanaenda Nairobi, yote yakinionyesha ubavu ule ule. Hii meli ilikuwa inatoka upande wa pili. Nilikuwa nimejifunza ubavu mmoja tu wa dunia. Nikachanganya kulia na kushoto, mwalimu mzima.

"Ya mwisho," inspekta akasema, na nikasikia kitu kwa sauti yake ambacho sikukielewa.

Topido la tatu lilitoka vizuri, likaenda mbele kidogo, likayumba, likapinda, likarudi. (Matopido ya huo mchezo yalikuwa na ugonjwa huo, mengine yalikuwa yanarudi.) Ndegwa alikuwa wa kwanza kuelewa, akasema, "Idi, piga mbizi! Piga mbizi!" na mimi na mkono wangu mmoja nikawa natafuta kitufe, na karani naye, aliyekuja nasi kuandika na sasa alikuwa amesogea karibu bila kujua, akapiga kelele, "Inakuja, mwalimu, inakuja!" Likaja. Likatupiga tumboni. Kioo chote kikawa cheusi na maneno yakatokea kwamba nyambizi imezama na wote wamekufa.

Inspekta alicheka. Alianza polepole, mabega tu, halafu akashika meza, kofia ikamwanguka, na polisi wake wakacheka, na mlango mzima ukacheka, na yule mwanamke wa barua akacheka akashika mbavu.

"Mfungueni," akasema akijipangusa macho. "Mfungueni huyu. Huyu akitaka kulipua Ruiru atalipua nyumba ya mamake."

Hivyo ndivyo nilivyopata uhuru wangu. Si kwa sababu nilikuwa sina hatia, hilo hakuna aliyelitaja, wala hakuna aliyesema pole. Niliachiliwa kwa sababu sijui kulenga. Paipu walibaki nayo.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mama alikuwa analia, nikamweleza, akacheka, akalia tena alipouliza habari ya kitenge. Jumatatu mwalimu mkuu aliniita akasema, kwa upole, nipumzike kidogo mpaka wazazi watulie. Wazazi wale nadhani hadi leo hawajatulia, kwa sababu hakuniita tena. Watoto wa Majengo wakanipa jina, Topido, na nikipita walikuwa wanaenda mbele kidogo, wanapinda, wanarudi wakijipiga kifua.

Zaituni alikuja kuniona mara moja. Alisimama mlangoni, hakuingia, ameshika kilemba chake na mkono mmoja.

"Mjomba anasema hakukujua kwa sababu ya hofu," akasema. "Anasema umsamehe. Lakini anasema pia hawezi tena, watu wa Ruiru watamuunganisha na wewe."

"Na wewe unasemaje?"

Aliachia kilemba.

"Idi, ningeambiwa ulikuwa unamngoja mwanamke mwingine pale, ningekasirika, lakini ningeelewa. Ningeambiwa ni siasa, ningeelewa. Lakini siku ya posa yangu, ulikuwa unacheza?"

Nilianza kumweleza habari ya pembe ya pua. Wallahi, nilianza kumweleza. Aliniangalia mpaka nikanyamaza mwenyewe, akasema, "Haya, mwalimu," akaenda.

Ameolewa na mfanyabiashara wa nguo. Nilialikwa harusini, na nikaenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa maneno zaidi. Mzee Shabani alikuwa mlangoni akipokea wageni, na mgeni mmoja wa upande wa bwana harusi akaniangalia, akamuuliza huyu ni nani. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akatabasamu mbele ya watu wote.

"Huyu? Huyu ni mwalimu Idi, wa Thika," akasema. "Huyu tunamjua siku nyingi."

Niliingia nikakaa, nikaletewa pilau, nikala, na ilikuwa tamu, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hapo hapo kwa mkeka niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: katika nchi hii sitahesabu tena kitu kisicho changu mahali pa watu. Gari lipite, treni ipite, ng'ombe wapite. Ukinikuta nimekaa kando ya barabara nimefumba macho yote mawili, usinisemeshe, niache hivyo hivyo.